Wageni Wasio na Sauti: Kutoka Muyinga Hadi Gitega

Niliondoka Muyinga kwa sababu nilimkaribisha mgeni ambaye hakuwepo.

Siku hiyo wakwe wa binti yangu Rehema walikuwa wamekuja nyumbani. Rehema alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mwanamke hurudi kwa mama yake kujifungua, kwa hiyo wazee walikuja kupanga atakuja lini na nani atamleta. Walikaa kwenye mkeka sebuleni, chai ikamiminwa, maneno yakaenda vizuri. Mimi macho yangu yalikuwa yamekwisha kwa sehemu kubwa. Ugonjwa wenyewe watu wanauita presha ya macho. Ulianza kunila pembeni ukaja taratibu hadi katikati, na sasa nilibaki na mwanga wa mlango, kivuli cha mtu anayepita, basi. Lakini siku ile nilimwona mwanamke amesimama karibu na pazia, waziwazi, amevaa kitenge cha njano chenye maua ya zambarau. Nilikuwa fundi cherehani kabla macho hayajaniangusha, kwa hiyo nikaliangalia pindo. Lilikuwa limeshonwa kwa mkono, vizuri kabisa.

Nikamwambia, "Karibu dada, sogea ukae, mbona umesimama?"

Nilisikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani.

"Unasema na nani, Mama Rehema?" mume wangu Issa akaniuliza kwa sauti ya chini.

Hapo nikajua kwamba siri yangu imetoka. Tangu mvua za kwanza nilikuwa nawaona: matofali yanayojipanga ukutani pasipo na matofali, nyavu, maua ya vitenge yanayojirudia bila mwisho, na baadaye watu, wamevaa kofia na nguo safi, hawasemi, hawaniangalii. Sikumwambia mtu. Nilijifunza kukaa kimya na kukaza meno. Siku ile nilijisahau.

Wageni walipoondoka, kaka wa mume wangu, shemeji Hamisi, ambaye anabadilisha pesa pale mpakani Kobero, alisema bila kuzunguka. "Mi nasema kweli, hii si macho. Macho ikiharibika mtu haoni. Huyu anaona kuzidi! Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kabanga, iko mzee mmoja anatoa hivi vitu kwa moshi. Tumupeleke."

Jioni ileile wakwe wakatuma ujumbe kwa simu. Walisema kwa adabu, lakini walisema: mtoto wao hatazaliwa katika nyumba yenye mtu anayeongea na hewa.

Issa aliusoma ujumbe, akaiweka simu mkekani. Kisha akasema, "Nesi wa hapa alishatuandikia twende kwa daktari wa macho Gitega. Twende kwanza Gitega. Moshi utangoja." Yeye mwenyewe hakuweza kufunga karakana yake ya baiskeli, ndiyo tunayoishi nayo. Ikaamuliwa nisindikizwe na dada yake, wifi yangu Mwajuma, na kwamba Mwajuma akirudi ndiye atakayeieleza familia alichokiona na alichokisikia. Hamisi akakubali kwa sharti hilo. Mimi sikuulizwa, na sikulala vizuri tena mpaka siku ya safari. Niliogopa moshi wa Kabanga. Lakini niliogopa zaidi kwamba daktari naye angesema nina wazimu, na hapo ningekuwa sina pa kukimbilia.

Siku ya safari, alfajiri, tulikuwa stendi ya Muyinga tunangoja esansi. Magari yalikuwepo, mafuta ndiyo hayakuwepo. Hatimaye dereva mmoja wa Probox, jina lake Nestori, alipata bidoni la mafuta lililotoka Kobero, akamimina kwa mpira huku watu wakigombea nafasi. Mwajuma, ambaye hashindwi na mtu kwa maneno, akapaza sauti, "Mgonjwa anakaa mbele! Nani anabisha?" Hakuna aliyebisha. Nikakalishwa kiti cha mbele. Nyuma alikaa Mwajuma, mwalimu mmoja anayekwenda Gitega, na mwanamke aliyepakata jogoo.

Baada ya kutoka mjini, barabara ilianza kushuka na kupanda kama kawaida ya nchi yetu. Naifahamu njia ile kwa macho ya zamani, nikawa naifuata kwa pua na masikio: moshi wa mikaratusi, kisha harufu ya ndizi zinazochachuka kwa ajili ya pombe, kisha watu wa baiskeli wakipiga miluzi kwenye mteremko wakiwa wamejishikiza nyuma ya lori. Kwa muda nilikuwa na amani. Mwalimu alikuwa anasimulia habari za mtihani, na mimi nilimsikiliza.

Kupita nusu ya njia kwenda Karuzi, mji ulio katikati ya safari, mazungumzo yakaisha. Mwalimu akasinzia, gari likawa kimya isipokuwa injini. Sikuwa na cha kusikiliza wala cha kushika. Mikono yangu ilikaa mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Hapo nikaanza kuogopa kwamba watakuja. Nikawa naviziavizia mbele yangu, pale ambapo kioo cha gari kilikuwa mwanga mweupe tu, nikitafuta dalili ya kwanza ili isinikute ghafla. Ikaja. Kwanza nyavu, nyembamba kama chandarua. Kisha matofali, mstari juu ya mstari, yakifunika kioo kizima. Nilijiambia: si kweli, ni yale yale. Nikakaza macho zaidi ili niyaone yakiondoka. Hayakuondoka. Yalizidi kuwa wazi, mpaka nikaona udongo kati ya tofali na tofali. Kisha matofali yakafunguka kama mlango, na mtoto wa sweta nyekundu akakimbia kutoka ukingo wa barabara, moja kwa moja mbele ya gari.

Nilipiga kelele. "Mtoto! Mtoto! Simama!" Nikamkamata Nestori mkono.

Breki zililia. Kulikuwa kumenyesha usiku, udongo wa pembeni ulikuwa laini. Gari likateleza, likageuka ubavu kidogo, likakita magurudumu ya mbele mtaroni. Kichwa changu kiligonga kioo. Nyuma yangu jogoo alikuwa anapigapiga mbawa na mwenyewe anamwita Mungu kwa Kirundi, "Yampayinka! Yampayinka!"

"Mtoto iko wapi?" Nestori alikuwa tayari nje, nasikia anazunguka gari, anachungulia chini. "Mama, mtoto iko wapi?"

"Wa sweta nyekundu," nikasema.

Wakatafuta. Mwalimu alishuka mpaka kwenye mihogo chini ya barabara. Watu wa kilimani wakaja, nao wakatafuta. Mimi nilikaa kwenye kiti nikiwa nimeshika kichwa, nikiomba Mungu mambo mawili yasiyopatana: asiwepo mtoto aliyeumia, na awepo mtoto.

"Hapa haiko mtu," Nestori akasema mwishowe. "Haikuwa mtu. Mi nilikuwa naangalia barabara, ilikuwa tupu." Kisha akaelewa. "We Mama, si unaambiwa huoni? Sasa mtoto uliona na nini?"

Mwalimu akasema kwa upole wa mtu aliyeogopa, kwamba ilikuwa hatari, kwamba tungeweza kufa wote. Ilikuwa kweli. Vijana wa kilimani walisukuma gari likatoka mtaroni, na Nestori akafungua mlango wangu. "Mi nina watoto nyumbani. Siwezi kubeba mtu wa mashetani. Pardon, lakini shuka."

Nilitegemea Mwajuma angenyamaza. Alikuwa ametumwa kuchunguza, na alikuwa amekwisha kuona. Badala yake nikasikia kanga yake ikikazwa kiunoni. "Huyu ni mgonjwa wa macho na karatasi ya nesi ninayo hapa," alisema. "We ungekuwa na roho ungempeleka. Lakini hatukubembelezi." Akatoa mizigo yetu mwenyewe, akanishika mkono, akanikalisha kwenye jiwe ukingoni. Gari likaondoka. Jogoo aliyetoroka milango ilipofunguliwa hakupatikana, mwenyewe alikwenda Gitega mikono mitupu, na mpaka leo jambo hilo linanisumbua.

Pale ukingoni, kabla ya Karuzi, tulikaa muda mrefu bila gari kupita. Mwajuma hakuniuliza kitu. Ukimya wake ulinitisha kuliko kelele za Nestori. Mwishowe nikamweleza yote, kwa sababu sikuwa tena na cha kuficha: matofali, maua, watu wa kofia, mwanamke wa kitenge cha njano. Nikamweleza na habari ya baba yangu, ambayo hata Issa hakuijua yote.

Baba alikuwa fundi wa Muyinga aliyekimbilia Tanzania na mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Nilikulia katika kambi ya wakimbizi. Uzeeni macho ya baba yalikufa kama yangu, na akaanza kusema kuna watoto wanacheza chini ya kitanda. Alisema kwa utulivu, hata alikuwa akiwapisha miguu. Watu wa kambi walisema amepagawa. Walikuja wanaume, wakamfunga mikono kwa kamba ya katani, wakamwombea siku nyingi, na alipoendelea kusema anawaona wakaendelea kumfunga. Alikufa na alama za kamba mikononi. Mama alizifunika na sanda.

"Kwa hiyo nikawaza," nikamwambia Mwajuma, "kwamba ni ya ukoo. Kwamba imeshanifikia."

Nikasikia anatema kitu, labda ganda la muwa. Kisha akauliza, "Hao watu wako, wifi, wanasema nini?"

"Hawasemi. Hata siku moja."

"Wanaomba nini?"

"Hawaombi kitu. Hata hawaniangalii."

"Mashetani ninayoyajua mi yanaomba," akasema taratibu, kama mtu anayepima nguo. "Shangazi yetu alikuwa nayo. Yaliomba uvumba, yaliomba nyama ya mbuzi, yaliomba kitambaa chekundu, usiku kucha yanasema. Shetani gani haombi kitu? Mais kweli, huyo ni shetani gani?"

Nilicheka, nikashangaa kwamba nacheka. Kilikuwa kicheko kifupi.

Alasiri lori la unga wa muhogo likasimama kutuchukua, na dereva wake, mzee asiyesema sana, akatuweka kwenye kibanda chake cha mbele. Mvua ikaanza tena. Njia nzima niliomba nisione kitu, na njia nzima nilikuwa naangalia kama naona kitu. Nilifumba mdomo kwa kiganja mpaka tukafika.

Gitega, magharibi ilikuwa inaadhiniwa tulipoingia mtaa wa Waswahili, kwa binamu yake Mwajuma anayeitwa Mama Hadija. Mwajuma alibaki mlangoni anakung'uta matope, nami nikasogea ndani peke yangu. Mbele yangu kulikuwa na mtu amesimama, hasemi. Nikapita pembeni yake kama vile nilivyojizoeza kuwapita.

"Makubwa!" sauti ikasema. "Mgeni anaingia kwangu hata salamu hakuna?"

Nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, amesimama na taulo mkononi anataka kunifuta mvua. Mwajuma akaja mbio. "Mama Hadija, usikasirike. Ngoja mtu asikie sauti yako kwanza. Iko na sababu, nitakuambia."

Alimwambia jikoni, nilisikia minong'ono, nikangoja kufukuzwa. Tulikula ugali na ndagala, dagaa wa kwetu, na mboga ya lengalenga. Mama Hadija alikuwa kila anaponisogelea anasema, "Ni mi nakuja, Mama Rehema, ni mi," na aliendelea hivyo mpaka kulala, bila kuchoka. Sikujua kama anafanya kwa huruma au kwa woga. Nadhani vyote viwili.

Asubuhi tulikwenda kwa daktari wa macho. Benchi lilikuwa refu na watu walikuwa kimya, kila mmoja na kitambaa chake cha kufutia machozi. Kukaa pale kulikuwa kubaya kuliko gari. Ukuta mweupe ulionielekea ulianza kujaa maua ya vitenge. Nilimshika Mwajuma mkono kwa nguvu, mpaka akasema, "Wifi, utanivunja vidole."

Daktari alikuwa mwanamke, sauti yake ya mtu wa makamo, Kiswahili chake cha Bujumbura. Alinimulika, akanitia matone yaliyochoma, akapima kwa vyombo vyake, akaandika. Kisha akavuta kiti karibu yangu, na kwa jinsi alivyokivuta nikajua kwamba habari si njema.

"Mama, mshipa unaopeleka habari kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo umekufa sehemu kubwa. Kilichopotea hakitarudi. Kilichobaki tutakilinda na dawa ya matone, kila siku bila kuacha. D'accord?"

Nikasema d'accord, nimekubali. Nilikuwa nimeshalijua hilo moyoni. Nilijua pia swali linalofuata, na lilipokuja nilikuwa tayari kudanganya.

"Kuna kitu kingine unaona? Kitu ambacho wengine hawaoni?"

"Hapana."

Mwajuma akakohoa. "Wifi," akasema, "tumeachwa njiani kwa sababu ya hicho kitu. Sema."

Nikasema. Nilisema haraka, kichwa chini, kama mtu anayetapika. Niliposimulia mtoto wa sweta nyekundu, kalamu ya daktari ilisimama. Nikangoja.

"Nguo zao ni safi?" akauliza.

"Safi sana."

"Unawaona vizuri kuliko unavyoniona mi?"

"Vizuri kabisa. Hata nyuzi naziona."

"Wanasema?"

"Hawasemi," Mwajuma akajibu kwa niaba yangu. "Wala hawaombi kitu."

Daktari akasimama nyuma yangu, akaweka vidole viwili kwenye kisogo changu. "Mama, unaonea hapa. Macho yanaleta habari tu. Sehemu hii ya ubongo ndiyo inazisoma. Na haikai kimya hata siku moja. Gizani inafanya kazi, ukifumba macho inafanya kazi, yenyewe, bila kuagizwa na mtu. Kwa mtu mwenye macho mazima, habari za nje zinaifunika kazi hiyo, mtu haioni. Kwako habari za nje zimepungua. Kwa hiyo kile ambacho ubongo unafanya wenyewe ndicho kinachokutokea mbele. Si wazimu. Si shetani. Akili yako ni nzima."

Nilitaka kumwamini mara moja, na ndiyo sababu sikumwamini. Akili nzima haiangushi gari mtaroni. Nikamwambia hivyo.

"Bien," akasema. "Tujaribu. Fumba macho. Usifanye kitu chochote. Angalia pale wanapotokea, uwangoje."

Nikafumba. Niliogopa kama nilivyoogopa garini. Nyavu zikaja, kisha matofali, kisha mwanaume wa kofia ya majani, shati lake limepigwa pasi. "Amekuja," nikasema.

"Usifumbue." Kitu cha baridi kikawekwa kiganjani mwangu: funguo nyingi kwenye pete moja. "Moja ni ya kufuli ndogo, moja ni ya kabati, moja ni ya gari. Zitafute kwa vidole. Na huku usikilize korido, uniambie nani anapita, mwanaume au mwanamke, amevaa nini miguuni."

Ilikuwa kazi ngumu. Funguo mbili zilifanana meno. Nje alipita mtu wa kandambili, kisha mtu mzito wa viatu vya soli ngumu, nikasema huyo ni mwanaume, na Mwajuma aliyekuwa karibu na mlango akasema ndiyo. Nikaupata ufunguo wa kufuli. Nilikuwa natafuta wa kabati nilipogundua kwamba yule wa kofia amefifia. Alikuwa kama kitambaa kilichofuliwa miaka mingi, kimebaki nyuzi, mwanga unapita.

"Yuko wapi sasa?" daktari akauliza.

Nikamtafuta ili nimjibu, na katika kumtafuta kwangu akarudi, shati na kofia, mnene kama mwanzo.

"Umeona?" akasema, na nilisikia kwamba anatabasamu. "Mi sikumleta. Ni akili yako ilikwenda pale, ukaiongezea ile sehemu nguvu. Akili ikienda kwenye vidole na masikio, ile inapungua. Ukiogopa unafanya nini? Unaweka akili yote pale pale, unawalinda wasije. Kule kuwalinda ndiko kunakowalisha. Sitakudanganya: hutawazima kama taa. Wakati mwingine watakuja tu. Watu wanaochunguza ubongo hawajamaliza kuelewa jambo hili, na mi sijui kuliko wao. Lakini sasa unajua ni nini. Wakija, zungusha macho, badili mwanga, shika kitu, sikiliza mtu."

"Kuna wengine kama mimi?"

"Wengi. Hasa wazee. Wanaficha."

Nikalia pale kwenye kiti, na hawakujua ninalilia nini. Nilililia mikono ya baba. Alikuwa amesema kweli siku zote zile, kwamba anawaona, na hakuwa amepagawa, na hapakuwa na mtu hata mmoja kambini wa kukigusa kichwa chake kwa vidole viwili na kumwambia.

Tulipokuwa tunaondoka kurudi Muyinga siku iliyofuata, Mwajuma alinunua karanga za maganda sokoni Gitega, akanimwagia mapajani kabla gari halijaondoka. "Kazi," akasema. "Menya." Nilimenya hadi Karuzi, na yeye akanitajia kila kitu: mzigo wa mkaa, shule, mazishi, mtu na mbuzi wawili. Mahali pale tulipoanguka palipokaribia nilipajua kwa mteremko wake. Vidole vikasimama. Mtoto wa sweta nyekundu akaja. Safari hii hakukimbia, alisimama tu ukingoni. Nikameza sauti.

"Mwajuma, kuna mtoto?"

"Haiko."

"Una hakika?"

"Wifi, haiko. Menya karanga."

Nikamenya. Mbele kidogo niliona wingu la kahawia likitambaa kioo kizima, halina umbo, nikajua ni yale yale, nikalipuuza. Dereva akapiga honi na kutukana. Walikuwa ng'ombe. Tangu hapo nikajiwekea kanuni: nikikiona kitu vizuri, hakipo, nikikiona vibaya, kipo, nijihadhari.

Nyumbani Muyinga walikuwa wamekaa wakitungoja, Issa, Hamisi na wazee wawili wa wakwe. Ilikuwa zamu ya Mwajuma kusema, lakini nilimwomba nianze mimi. Niliwaeleza kama ninavyoeleza hapa, pamoja na gari mtaroni na pamoja na baba. Hamisi akasema maneno ya daktari ni maneno tu, hata dawa ya hicho kitu hakutoa. Mwajuma akamgeukia. "Kaka, we uko mtu wa hesabu. Niambie shetani mmoja unayemjua, asiyeomba kitu." Hamisi akafikiri, hakupata. Hakukubali pia. Mpaka leo hajakubali, ingawa habari ya Kabanga haitaji tena.

Wakwe walisema watafikiri. Walikuwa bado wanafikiri Rehema alipokuja mwenyewe, kwa baiskeli ya kukodi, na furushi lake la nguo za mtoto. "Mimi nazaa kwa mama yangu," akasema mlangoni, akaingia. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Waliponiwekea mapajani sikumwona vizuri hata kidogo. Alikuwa kivuli chenye joto na harufu ya maziwa. Nilimshukuru Mungu kwa kivuli kile.

Nilichojifunza katika safari hii Rehema ananiandikia sasa, mtoto akiwa amelala. Nimejifunza kwamba kichwa cha mtu hakina giza tupu, na kwamba kile unachokilinda kwa woga ndicho unachokipa chakula. Sijapona. Jana tu walikuja wawili wenye miavuli wakakaa nami jikoni mpaka nilipoanza kukanda unga. Bado kuna asubuhi naamka nikiogopa kufumbua macho, na naogopa pia siku ambayo hata kivuli kitakwisha.

Wiki iliyopita, mchana, jirani yetu Mzee Saidi alikuja kwenye ua. Alikuwa muuza nyama; siku hizi ana ukungu machoni na hatoki sana. Alisalimia, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya esansi, akarudia mvua. Kisha akashusha sauti.

"Mama Rehema, nasikia watu wako wanavaa kofia."

"Wanavaa, mzee."

"Wangu ni farasi." Alipumua kwa shida. "Sijaona farasi hata siku moja katika maisha yangu. Wanapita ukutani, wengi, na vitambaa shingoni. Tafadhali usiwaambie wanangu. Watasema nimekwisha."

"Sitawaambia," nikamjibu. "Utawaambia wewe. Mimi nitakaa karibu yako."

Nilisikia anasuguasugua kofia yake magotini. Kisha akageuka upande wa nyumba yake, akamwita mwanawe mkubwa kwa jina.